Fumbo la Namba: Andika Unachokijua, Mengine Yaache Wazi



Kwa muda sasa baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza, tukitoka ibadani, juu ya kile kikaratasi chenye miraba ninachokaa nacho barazani. Wengine wamedhani ni mahesabu ya ujenzi. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliniuliza kama bado nasahihisha madaftari ingawa nimestaafu. Hapana. Ni fumbo la namba liitwalo sudoku. Mhariri ameniomba niwaeleze, nami nimekubali kwa furaha, maana mwalimu hata akistaafu haachi kufundisha. Chukueni penseli, raba na karatasi, tuanze.

Kwanza niwaondolee hofu. Wengi wakiona namba husema, "Mimi hesabu zilinishinda tangu Darasa la Nne." Fumbo hili halina kujumlisha, kutoa, kuzidisha wala kugawanya. Namba ni majina tu. Tungeweza kutumia herufi tisa, au mbegu za aina tisa: mahindi, maharage, kunde, choroko, mbaazi, njugu, ufuta, mtama na ulezi. Fumbo lingekuwa lile lile. Linalotakiwa ni macho ya kuangalia na subira ya kufikiri.

1. CHANZO CHAKE

Katika karne ya 18 mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, Leonhard Euler, alichunguza miraba ambayo ndani yake kila alama hutokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu. Lakini fumbo lenyewe, kama tunavyolijua leo, lilitungwa na Mmarekani Howard Garns, mchoraji wa ramani za majengo katika mji wa Indianapolis. Alikuwa amekwisha kustaafu, akiwa na umri wa miaka 74, fumbo lake lilipochapishwa mwaka 1979 katika gazeti la mafumbo la Dell. Wazee wenzangu, mmesikia? Miaka 74!

Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ililichapisha huko, na Bwana Maki Kaji akalipa jina refu la Kijapani lenye maana kwamba kila namba sharti ibaki peke yake, kama mtu asiyeoa. Jina hilo lilifupishwa likawa sudoku. Mwaka 1997 jaji mstaafu, Wayne Gould, mwenyeji wa New Zealand aliyefanya kazi Hong Kong, aliliona katika duka la vitabu mjini Tokyo. Alitumia miaka sita kutengeneza programu ya kompyuta ya kutunga mafumbo hayo, na mwezi Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha. Baada ya hapo likaenea duniani kote. Garns mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1989.

2. MAJINA TUTAKAYOTUMIA

Ili tuelewane, nitatumia majina haya:

Chumba ni kile kimraba kimoja kidogo kinachopokea namba moja.
Mstari ni vyumba vilivyolala kutoka kushoto kwenda kulia. Tunahesabu kuanzia juu.
Safu ni vyumba vilivyosimama kutoka juu kwenda chini. Tunahesabu kuanzia kushoto.
Nyumba ni kundi la vyumba lililozungushiwa mstari mzito.

Katika fumbo kubwa kuna mistari 9, safu 9 na nyumba 9. Na kila nyumba ina vyumba 9. Jumla ni vyumba 81.

Sheria ni moja tu: kila mstari, kila safu na kila nyumba sharti iwe na namba zote kuanzia 1 mpaka 9, kila namba mara moja. Baadhi ya namba mtungaji amekwisha kuzipanga; hizo haziguswi. Sisi tunajaza zilizobaki.

3. FUMBO DOGO LA KUJIFUNZIA

Mtoto hutambaa kabla ya kutembea. Tuanze na fumbo la vyumba 16, lenye namba 1 mpaka 4. Kila nyumba ina vyumba 4. Nukta ni chumba kitupu.

1 . | . 2
. 2 | . .
---------
. . | 3 .
3 . | . 1

Tazama mstari wa 1. Una 1 na 2. Zimekosekana 3 na 4. Je, chumba cha safu ya 3 kinaweza kupokea 3? Shuka na safu hiyo: 3 imo tayari, katika mstari wa 3. Basi chumba hicho ni cha 4, na 3 inakwenda safu ya 2. Mstari wa 1 umekamilika: 1, 3, 4, 2.

Sasa tazama nyumba ya juu kushoto. Ina 1, 3 na 2. Imekosekana 4 peke yake, na chumba kitupu ni kimoja. Andika 4.

Mstari wa 2 sasa una 4 na 2. Zimekosekana 1 na 3. Safu ya 3 ina 3, basi 1 inakaa safu ya 3, na 3 inakaa safu ya 4.

Umeona mwendo wake? Kila namba iliyoandikwa kwa haki inafungua njia ya nyingine. Maliza mistari miwili ya chini mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma. Jibu liko mwisho wa somo, lakini usikimbilie huko.

4. FUMBO KUBWA

Sasa chora lifuatalo katika karatasi yako kwa rula. Miraba iwe mikubwa ya kutosha kuandika na kufuta.

9 . 4 | . 6 . | 7 . .
. 7 . | 4 . 9 | . . 3
3 . 8 | . . 2 | . 4 .
---------------------
. 3 . | 7 . 5 | . . 4
5 . 7 | . 9 . | 3 . 8
4 . . | 6 . 8 | . 7 .
---------------------
. 5 . | 9 . . | 8 . 6
6 . . | 2 . 7 | . 9 .
. . 9 | . 8 . | 5 . 7

Mtatuzi ana maswali mawili ya kuuliza, na hayo yanatosha kwa mafumbo mengi ya kawaida. Swali la kwanza: Namba hii inaweza kukaa wapi? Swali la pili: Chumba hiki kinaweza kupokea namba gani?

Tutumie swali la kwanza katika nyumba ya juu kushoto. Ina 9, 4, 7, 3 na 8. Zimekosekana 1, 2, 5 na 6, na vyumba vitupu ni vinne. Tuulize: 5 inaweza kukaa wapi? Vyumba viwili kati ya hivyo vinne viko katika safu ya 2. Lakini safu ya 2 ina 5 tayari, katika mstari wa 7. Chumba kimoja kiko katika safu ya 1. Nayo ina 5, katika mstari wa 5. Kimebaki chumba kimoja tu, cha mstari wa 2, safu ya 3. Andika 5 bila wasiwasi.

Sasa 6. Haiwezi kukaa mstari wa 1, kwa sababu mstari huo una 6 yake. Haiwezi kukaa safu ya 1, kwa sababu 6 imo chini katika mstari wa 8. Basi inakaa mstari wa 3, safu ya 2. Andika 6.

Katika nyumba hiyo vimebaki vyumba viwili: mstari wa 1, safu ya 2, na mstari wa 2, safu ya 1. Namba zilizobaki ni 1 na 2. Ipi inakwenda wapi? Angalia mistari, angalia safu. Hakuna kinachokataza 1 hapa wala 2 pale. Ukibadilisha, vile vile hakuna kinachokataza.

Wanafunzi wangu wengi huanguka mahali hapa.

5. USIBAHATISHE

Mkono unawasha. Vyumba ni viwili, namba ni mbili. Mtu husema moyoni, "Nitaweka 2 juu na 1 chini, tuone." Haya, tufanye hivyo kwa makusudi, tuone.

Nenda mstari wa 5. Una 5, 7, 9, 3 na 8. Zimekosekana 1, 2, 4 na 6. Hapa tutumie swali la pili. Chumba cha safu ya 4 kinaweza kupokea nini? Safu hiyo ina 4, ina 6, ina 2. Basi ni 1. Chumba cha safu ya 6 je? Safu hiyo ina 2, na nyumba ya katikati ina 6 tayari. Basi ni 4. Zimebaki 2 na 6, kwa vyumba vya safu ya 2 na safu ya 8. Lakini safu ya 2 ina 6 yake, na pia ina ile 2 tuliyobahatisha kule juu. Chumba hicho hakina namba ya kupokea! Fumbo limeharibika.

Angalieni jambo hili vizuri, ndugu zangu. Kosa lilifanyika katika mstari wa 1, lakini limeonekana katika mstari wa 5. Hapa tuna bahati kwamba limeonekana mapema. Mara nyingi mtu hujaza vyumba arobaini juu ya kosa moja, na akifika mwisho anakuta namba mbili zinagombea chumba kimoja, wala hajui alipotea wapi. Yamenipata mimi mwenyewe mara nyingi, nikafuta karatasi mpaka ikatoboka.

Sasa turudi, tufute ile 2 na ile 1, tuviache vyumba vile viwili wazi. Ukitaka, andika "1 2" kwa maandishi madogo sana pembeni mwa kila kimoja, kama kumbukumbu. Halafu tufanye tena mstari wa 5. Safu ya 4 inapata 1. Safu ya 6 inapata 4. Zimebaki 2 na 6. Safu ya 2 ina 6 tayari, basi chumba chake ni cha 2, na 6 inakwenda safu ya 8. Mstari wa 5 umekamilika.

Na tazama! Safu ya 2 sasa ina 2. Basi kule juu, katika mstari wa 1, safu ya 2, haiwezi kuwa 2 tena. Ni 1. Na 2 inakwenda mstari wa 2, safu ya 1. Swali tuliloshindwa kulijibu juu limejibiwa kutoka chini, sisi tukiwa tunashughulika na kazi nyingine. Hatukuwa wavivu kuliacha wazi. Tulikuwa wakweli.

6. KIJANA ALIYEACHA NAFASI WAZI

Hapa niruhusuni niwaeleze jambo ambalo limekuwa moyoni mwangu tangu nianze mchezo huu.

Nilipotoka Chuo cha Ualimu nilipangiwa kufundisha Hisabati Darasa la Saba. Nilikuwa kijana, nikitaka darasa langu lisifiwe. Niliwafundisha watoto kwamba katika mtihani ni mwiko kuacha nafasi wazi: "Usipojua, jaza chochote. Huenda ukapata." Wengi walinitii. Kulikuwa na mvulana mmoja mpole, mtoto wa mkulima, ambaye kila zoezi aliacha maswali mawili matatu bila jibu. Aliyoyajibu yalikuwa sahihi, na njia yake ameionyesha yote. Siku moja nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Kwa nini hukujaza hapa?"

"Mwalimu, hapo bado sijajua."

"Bado" ndilo neno alilotumia, lakini mimi sikulisikia. Nilimwita mvivu mbele ya darasa zima, na nikamchapa. Toka siku hiyo akawa anajaza kila nafasi. Alijaza namba zozote zilizomjia. Hata njia za maswali aliyoyajua akaacha kuzionyesha, maana alikwisha jifunza kwamba mwalimu anataka karatasi iliyojaa, hataki sababu. Hakufaulu mtihani wa kumaliza shule. Siwezi kusema kwamba ni kwa ajili ya fimbo yangu. Lakini siwezi kusema pia kwamba fimbo yangu haimo.

Nimekaa na mafumbo haya miaka kadhaa sasa. Kila ninapofika kwenye vyumba viwili na namba mbili, na mkono ukiwasha, humkumbuka. Yule mtoto alikwisha kujua kutenganisha anachokijua na asichokijua. Mimi, mwalimu wake mwenye cheti, nilikuwa bado.

Kwa hiyo wazazi na walimu wa mtaa wetu, mtoto akiwaambia "sijui", msimpige wala kumcheka. Mwulizeni, "Umejua mpaka wapi?" Mwacheni aonyeshe. Halafu mtoke naye hapo alipofika.

7. MASHAURI MACHACHE KWA ANAYEANZA

(a) Anza na mstari, safu au nyumba yenye namba nyingi. Palipobaki vyumba viwili au vitatu ndipo penye kazi nyepesi.

(b) Kila ukiandika namba mpya, tazama mara moja mstari wake, safu yake na nyumba yake. Huenda imefungua kitu.

(c) Usiandike namba usiyoweza kuitolea sababu kwa maneno. Ukicheza na mwenzako, kila mmoja aseme "kwa sababu" kabla ya kuandika. Mke na mume, babu na mjukuu, wanaweza kushirikiana karatasi moja.

(d) Ukikwama, weka penseli chini. Nenda kanywe chai, kisha rudi. Mara nyingi namba uliyoitafuta nusu saa utaikuta inakungoja.

(e) Wenye simu wanaweza kupata mafumbo haya huko. Lakini kuna programu zinazoonyesha kosa kwa rangi nyekundu pale pale unapolifanya. Anayejifunza hivyo huzoea kujaribu namba moja baada ya nyingine mpaka simu inyamaze. Hajafikiri lolote. Kwa anayeanza, karatasi ni mwalimu bora.

(f) Wazee wenzangu, msidanganywe kwamba fumbo hili ni dawa ya kuzuia usahaulifu. Ni zoezi zuri la akili na linapitisha muda kwa amani. Tuliite hivyo tu. Anayeanza kusahau njia ya nyumbani kwake apelekwe hospitali.

Na msiogope kwamba mafumbo yatakwisha. Mwaka 2005 wataalamu walihesabu njia zote za kujaza vyumba 81 kwa kufuata sheria, wakapata hesabu yenye tarakimu 22. Tena mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, walionyesha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kuanza na namba chini ya 17. Fumbo letu la leo limeanza na namba 37, kwa hiyo ni la wanaoanza.

8. ZOEZI

1. Maliza mistari ya 3 na ya 4 ya fumbo dogo.
2. Katika fumbo kubwa, mstari wa 2 sasa umekosa 1, 6 na 8. Chumba cha safu ya 5 kinapokea ipi? Toa sababu.
3. Katika mstari huo huo, 6 inakaa safu ya 7 au ya 8? Toa sababu.
4. Maliza fumbo lote. Hakuna mahali utakapohitaji kubahatisha. Mimi mwenyewe nimelipitia hatua kwa hatua.

Atakayekwama na aniletee karatasi yake barazani, hata kama ina vyumba vingi vitupu. Simchapi mtu siku hizi. Nitamwuliza tu amejua mpaka wapi.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nawatakia subira na furaha katika kazi hii.

MAJIBU

Swali la 1: Mstari wa 3 ni 2, 1, 3, 4. Mstari wa 4 ni 3, 4, 2, 1.

Swali la 2: Ni 1, kwa sababu safu ya 5 ina 6 katika mstari wa 1 na 8 katika mstari wa 9.

Swali la 3: Inakaa safu ya 7, kwa sababu safu ya 8 imekwisha kupata 6 katika mstari wa 5. Basi 8 inakaa safu ya 8.

Swali la 4:

9 1 4 | 8 6 3 | 7 5 2
2 7 5 | 4 1 9 | 6 8 3
3 6 8 | 5 7 2 | 1 4 9
---------------------
8 3 6 | 7 2 5 | 9 1 4
5 2 7 | 1 9 4 | 3 6 8
4 9 1 | 6 3 8 | 2 7 5
---------------------
7 5 2 | 9 4 1 | 8 3 6
6 8 3 | 2 5 7 | 4 9 1
1 4 9 | 3 8 6 | 5 2 7